Flapu Zilipokataa: Kutoka Embakasi 1974 hadi Anga ya Tanga

Mhadhara kwa wanafunzi, mafundi na wakazi wa Tanga

 

Ndege nyingi zinazopata hitilafu ya mabawa baada ya kuruka hurudi chini salama. Abiria hushuka, wengine wakinung'unika kwamba wamecheleweshwa, fundi hupanda ngazi na tochi yake, na kesho yake ndege huruka tena. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, habari hufia hapo hapo. Mimi nasema habari ya namna hiyo ina thamani kuliko karibu kitu kingine chochote katika usafiri wa anga. Watu wamekufa, tena hapa hapa Afrika Mashariki, kwa sababu habari kama hiyo haikufika ilikopaswa kufika, au ilifika na haikufanyiwa kazi.

Nitawapeleka Nairobi, kisha Johannesburg, halafu turudi juu ya pwani yetu. Lakini kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe.

Ukikaa dirishani, nyuma kidogo ya bawa, utaona vipande vya ukingo wa nyuma vikisogea nje na kuinama kabla ndege haijaanza kukimbia. Hizo ni flapu. Ndege kubwa huwa na nyingine kwenye ukingo wa mbele, ambazo abiria wengi hawajawahi kuziona. Kazi yake ni kulipa bawa tumbo. Wavuvi wa Mwambani na Kigombe wanalijua jambo hili bila kukaa darasani: tanga lenye tumbo huvuta chombo hata upepo ukiwa hafifu, ila upepo ukizidi linakuwa mzigo. Bawa la ndege ya abiria limetengenezwa kwa ajili ya kasi kubwa juu angani. Kwa kasi ndogo ya kuruka na kutua halina nguvu ya kutosha kubeba ndege nzima, ndiyo maana linaongezewa tumbo kwa muda, kisha tumbo hilo linakunjwa ndege ikishakwenda mbio.

Flapu za mbele zina kazi ya ziada. Ndege ikiinua pua sana, hewa inayopita juu ya bawa huchoka kuufuata mgongo wake, huachana nao, na bawa hupoteza uwezo wa kuinua. Flapu za mbele huisaidia hewa kushikamana na bawa hata pua ikiwa juu. Zikikosekana, rubani anaweza kuwa anavuta usukani kama alivyofundishwa, kwa kasi ile ile aliyoipata kwenye majedwali, na bado ndege ikakataa kupanda. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililotokea Embakasi, Nairobi.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 20 Novemba 1974, kabla ya saa mbili asubuhi. Boeing 747 ya shirika la Lufthansa ilikuwa imetoka Frankfurt, ikapita Nairobi, na sasa ilikuwa inaelekea Johannesburg. Uwanja wa Embakasi ndio huu unaoitwa leo Jomo Kenyatta. Ndani ya ndege mlikuwa na watu 157. Ndege za aina hiyo zilikuwa zimebeba abiria duniani tangu 1970, na hadi asubuhi ile hakuna hata moja iliyokuwa imeanguka na kuua.

Flapu za nyuma za 747 huendeshwa na haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo. Zile za mbele huendeshwa na hewa ya moto yenye shinikizo inayochotwa kwenye injini. Hewa hiyo hupitia kwenye vali, na vali zile zilikuwa mikononi mwa mtu wa tatu katika chumba cha marubani, yaani mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani wawili akiwa ameelekea ukuta uliojaa saa, swichi na taa. Utaratibu ulitaka vali zifunguliwe baada ya injini kuwashwa. Asubuhi ile zilibaki zimefungwa. Mkono wa flapu uliposogezwa, za nyuma zilitoka kama kawaida. Za mbele hazikutoka, kwa kuwa hewa ya kuzisukuma haikuwapo. Hakuna kengele iliyolia.

Ndege ikakimbia vizuri, ikainua pua, ikaacha ardhi. Papo hapo ikaanza kutetemeka. Kapteni alidhani mtetemo unatoka kwenye magurudumu, akaagiza yakunjwe. Dhana hiyo si ya kijinga: gurudumu lisilolingana hutikisa ndege, na dawa yake ni hiyo hiyo ya kulikunja. Lakini mtetemo haukwisha. Usukani ukaanza kutikisika wenyewe, ishara iliyowekwa makusudi kumwambia rubani kwamba bawa linakaribia kuishiwa nguvu. Ndege haikupanda zaidi ya mita 30 hivi. Ikashuka, ikagusa ardhi zaidi ya kilomita moja mbele ya mwisho wa njia ya kurukia, mkia ukagonga tuta la barabara, ikavunjika na kushika moto. Watu 59 walikufa. Watu 98 walitoka hai, wakiwamo wale watatu wa chumba cha marubani.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini hazitoi nguvu zinazozitoa hapa Tanga, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito ule ule. Naamini, na hii ni rai yangu, kwamba kosa lile lile lingefanyika kwenye kiwanja cha pwani, marubani wangepata sekunde chache zaidi za kufikiri. Embakasi haikuwapa.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ambayo ilisimamia usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kwa hiyo ripoti ile ni yetu pia, na ningependa kila kijana anayetaka kusomea urubani au ufundi wa ndege aijue kama anavyojua historia ya mji wake. Wachunguzi walisema mambo matatu. Ndege ilianza kuruka flapu za mbele zikiwa zimekunjwa kwa sababu mfumo wa hewa unaoziendesha haukuwashwa. Marubani hawakuweza kuitambua hali hiyo katika muda mfupi waliokuwa nao. Na yapo mambo mawili makubwa yaliyochangia: chumba cha marubani hakikuwa na onyo la kutosha kuhusu hali ya hatari ya flapu za mbele, na orodha ya ukaguzi haikukamilishwa ipasavyo.

Tazameni jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Kosa la mtu limetajwa, halikufichwa. Lakini limewekwa kando ya kosa la wabunifu, na halikupewa nafasi ya kulifunika. Nje ya ripoti mambo hayakuwa hivyo. Mhandisi wa ndege ile alifunguliwa mashtaka huko Ujerumani Magharibi, na hatimaye akaonekana hana hatia. Huwa namfikiria mtu huyu. Alinusurika kwenye moto, kisha akabebeshwa peke yake swichi ambayo mfumo mzima uliiacha bila kengele.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kabla ya Embakasi, visa viwili vya 747 kuruka bila flapu za mbele vilikwisha kutokea na kuripotiwa. Mara zote mbili marubani waliwahi kuiokoa ndege. Wakatua, wakasema. Maana yake ni kwamba mtengenezaji alikwisha kuambiwa kuwa binadamu anaweza kusahau vali zile, na kwamba akisahau hakuna kitakachomzuia kuruka. Baada ya watu 59 kufa ndipo mfumo wa onyo ulipoongezwa ili ndege ipige kelele kabla haijaanza kukimbia. Mfumo huo ungewezekana kabla. Kilichopungua hakikuwa elimu wala fedha. Marubani wa visa vile viwili hawakuchukuliwa kuwa na habari nzito, kwa kuwa walikuwa hai.

Msidhani ni kisa cha peke yake. Siku kumi na moja baada ya Embakasi, tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima jimboni Virginia, Marekani, ikijiandaa kutua karibu na Washington, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Wiki chache kabla, marubani wa shirika la United walikuwa wameielewa vibaya ramani ile ile ya kutua na kunusurika kidogo mahali pale pale. United waliwatahadharisha marubani wao. Wa mashirika mengine hawakupata habari. Kutokana na uchungu huo Marekani ilianzisha mwaka 1976 mfumo wa kupokea taarifa za siri kutoka kwa marubani, waongoza ndege na mafundi, ukiwa chini ya NASA, taasisi isiyo na mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Uamuzi huo wa kuipeleka kazi kwa taasisi isiyoadhibu ulikuwa wa busara sana.

Hispania nayo: Juni 2007 ndege ya MD-83 iliruka kutoka kisiwa cha Lanzarote flapu zikiwa zimekunjwa, kengele haikulia, marubani wakaiokoa. Agosti 2008 ndege ya familia hiyo hiyo, ya shirika la Spanair, iliruka Madrid flapu zikiwa zimekunjwa, kengele nayo haikulia, na watu 154 wakafa. Kati ya visa hivyo viwili palikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kusoma na kurekebisha.

Sasa Johannesburg, ambako sitapita haraka.

Tarehe 11 Mei 2009, 747 nyingine, ya British Airways, ilikuwa inaondoka Johannesburg kwenda London. Uwanja ule uko juu kuliko hata Nairobi, karibu mita 1,700. Usukani ulikuwa kwa rubani msaidizi. Ndege ilikuwa bado ardhini, ikikimbia, kasi imeshapita noti 120 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege), pale vihisi vya mfumo wa kugeuza msukumo wa injini vilipotuma habari kwamba mifuniko ya injini mbili haijakaa sawasawa. Mfumo huo ni ule unaosikika ukinguruma ndege inapotua, unaoelekeza upepo wa injini mbele ili kusaidia breki. Wabunifu walikuwa wamefikiri vizuri: mfumo huo ukifunguka, upepo wake hupiga flapu za mbele na kuzichosha, basi flapu zijikunje zenyewe. Walikuwa wakiwaza kutua. Hawakuwaza kwamba habari hiyo inaweza kuja ndege ikiwa inaondoka. Kompyuta ikatii amri yake. Flapu nyingi za mbele zikajikunja, sekunde chache kabla ya pua kuinuka.

Marubani hawakuwa na njia ya kujua. Hawakuwa wamesahau kitu. Orodha ya ukaguzi ilisomwa, flapu zilitoka, taa zilionyesha sawa. Ndege ikaacha ardhi, na usukani ukatikisika, kama ulivyotikisika Embakasi karibu miaka 35 kabla.

Rubani msaidizi hakuvuta pua juu zaidi. Ninyi mnaosikia hili leo mmekaa mnaweza kuona ni jambo dogo. Ardhi iko chini yako, giza au mwanga, nyumba za watu ziko mbele, na kila mshipa wa mwili unakwambia vuta. Ukivuta, bawa linakufa. Yeye aliiruhusu pua ishuke kidogo, akaishika ndege kwenye mpaka wenyewe wa kile bawa lilichoweza kutoa, ikawa inapanda polepole mno huku usukani ukiendelea kutetemeka mikononi. Na kapteni, mwenye mamlaka yote ya kuuchukua usukani, hakuuchukua. Aliona kijana wake anafanya sawa. Akaanza kumtajia urefu kutoka ardhini, namba baada ya namba, ili yule anayerusha asihitaji kuyatoa macho yake kwenye kazi. Sauti ile ya kutaja futi ndiyo iliyonifanya nichague mada hii.

Sekunde chache baadaye, ndege ikiwa hewani, kompyuta ikaridhika na flapu zikatoka tena. Wakapanda hadi pa salama, wakamwaga mafuta kupunguza uzito, wakarudi Johannesburg, wakatua. Hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa Afrika Kusini walilichunguza tukio lile kwa uzito wa ajali, ingawa halikuua, na mantiki ya mfumo ule ikabadilishwa. Hicho ndicho ninachokitaka: tukio lisilo na maiti kupewa heshima ya uchunguzi kamili.

Sitaki kuwadanganya kwamba kilichotofautisha Nairobi na Johannesburg ni ubora wa watu tu. Flapu za Johannesburg zilirudi zenyewe, za Embakasi zisingeweza kurudi. Bahati ilikuwapo. Lakini sekunde zile kabla hazijarudi zilihitaji watu waliokwisha kufundishwa kwamba usukani ukitikisika chini chini, adui ni pua iliyo juu. Mafunzo hayo yamejengwa juu ya ajali za wengine.

Tuje nyumbani. Safari za anga hapa Tanga si za jana: Wilson Airways ya Nairobi ilipitisha ndege zake pwani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na East African Airways ilipoanza mwaka 1946 njia ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa njia zake za mwanzo. Leo wengi wetu tunapanda ndege ndogo za injini moja kama Cessna Caravan kwenda Pemba, Unguja na Dar. Juu yetu zinapita jeti zinazotoka Dar na Unguja kwenda kaskazini. Nataka vijana mfanye nami zoezi moja kuhusu jeti ya namna hiyo, ya kufikirika.

Imepaa Dar vizuri, ikielekea Kilimanjaro. Rubani ameanza kukunja flapu, na flapu zimegoma katikati. Katika ndege za kisasa mara nyingi zimegoma kwa sababu zimeamriwa kugoma: vihisi vikigundua kwamba ya kushoto na ya kulia hazilingani, mfumo huzifunga zote pale zilipo, maana bawa moja likiwa na nguvu kuliko lingine ndege hujipindua. Chicago, tarehe 25 Mei 1979, DC-10 ilipong'oka injini ya kushoto, mirija ya haidroliki ilikatika, sehemu za ukingo wa mbele wa bawa la kushoto zikajikunja zile za kulia zikabaki nje, ndege ikalala ubavu. Walikufa 273.

Kwa hiyo flapu zilizogoma pamoja, sawa kwa sawa, ni tatizo ambalo halina haraka. Ndege inaruka. Kosa la kwanza linalowezekana ni mkono wenye papara, kusogeza ule mkono wa flapu mbele na nyuma kwa kutumaini kwamba kitu kitaachia. Marubani waliofunzwa huacha mkono pale ulipo. Mmoja hurusha, na kazi yake ni hiyo tu: kushika kimo, na kutoruhusu kasi izidi ile ambayo flapu zilizo nje zinaweza kuistahimili bila kuharibika. Mwingine husoma orodha, neno kwa neno. Mnara huambiwa. Wahudumu huambiwa, na abiria huambiwa kwa Kiswahili cha kawaida kwamba flapu hazikunjiki, ndege iko sawa, tutarudi kutua. Mimi nawapenda marubani wanaowaambia abiria ukweli. Mtu aliyekaa dirishani ameshaliona bawa.

Kilimanjaro hawafiki, au hata kama mafuta yangetosha si busara: flapu zilizo nje zinaikokota ndege na kula mafuta kupita mahesabu. Watue wapi? Njia ya Dar ni ya mita 3,000, ya Unguja imepita hapo kidogo, ya Mombasa ina zaidi ya mita 3,300. Ya Kilimanjaro ni ndefu kuliko zote, mita 3,600, lakini iko karibu mita 900 juu ya bahari, na hewa nyepesi hula sehemu ya urefu huo. Ndege ikiwa juu ya Tanga, Unguja na Mombasa ziko karibu sawa, kama kilomita 130 kila upande. Kiwanja chetu cha Tanga ni kifupi mno kwa jeti yenye shida hiyo, hata kikiwa ndicho kilicho chini ya miguu yao.

Urefu wa njia ni muhimu kwa sababu ya hesabu ambayo kidato cha tatu mnaiweza. Tuseme ndege inatua kawaida kwa noti 140. Bila flapu kabisa, kwa Boeing 737 kwa mfano, marubani huongeza noti 55, wanafika 195. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gawanyeni 195 kwa 140, jibu lizidisheni kwa lenyewe: mtapata karibu mbili. Ndege ile ile, uzito ule ule, inakuja chini na nishati karibu maradufu, na yote lazima iishie kwenye breki, matairi na injini kabla lami haijaisha. Ndiyo maana zimamoto hujipanga kando ya njia hata kama hakuna moto. Wanangojea breki.

Uzito nao hupunguzwa. 747 inaweza kumwaga mafuta angani. Jeti ndogo nyingi haziwezi, hivyo huzunguka na kuyachoma. Mkiona siku moja jeti inazunguka kwa utulivu juu ya mkondo wa Pemba kwa saa nzima, msikimbilie kuandika kwenye simu kwamba rubani amepotea. Pengine mnaona kazi ikifanywa kama inavyotakiwa.

Lipo jambo la tabia yetu ambalo lazima niliseme mbele ya wazee. Watu wa pwani tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Katika chumba cha marubani mkubwa naye hukosea, na wa kumwokoa ni mdogo aliyekaa kando yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha marubani wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, kama sehemu rasmi ya mafunzo. Hata abiria wanahusika. Januari 1989, karibu na Kegworth, Uingereza, kapteni alitangaza kwamba injini ya kulia ina matatizo na ameizima. Abiria kadhaa walikuwa wameona cheche upande wa kushoto. Hawakusema, wakidhani rubani anajua zaidi. Watu 47 walikufa. Mwanafunzi wangu akiniamkia na kunipokea mzigo, kisha akaniambia "Mwalimu, samahani, pale umekosea hesabu," hajanivunjia heshima hata chembe. Tuwafundishe watoto wetu hivyo mapema, maana hawatajifunza kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 30 kwenye kiti cha kulia cha jeti.

Mafundi, nimewaweka mwisho kwa sababu ninyi ndio mnaoshika kitu chenyewe. Hewa yetu ina chumvi. Inakula mabati ya nyumba za Chumbageni, na inakula pia reli ambazo flapu huteleza juu yake, skrubu zinazoisukuma, na vichwa vya nyaya za vihisi. Grisi ikikauka au ikichanganyika na mchanga, flapu huanza kwa kuchelewa kidogo, siku nyingine ikagoma mara moja na kukubali mara ya pili. Flapu za Caravan huendeshwa na mota ya umeme, na watengenezaji wameweka mota ya pili ya akiba yenye swichi yake. Ni kinga nzuri. Lakini rubani aliyelazimika kuitumia akatua salama Pemba, kisha akaondoka bila kuandika, ameacha mota moja tu kwa yule atakayeruka kesho.

Najua kwa nini watu hawaandiki. Wanaogopa kuitwa kwa bosi. Wanaogopa ndege kuzuiwa na biashara kulala, mishahara ikachelewa. Fundi kijana anaogopa kuonekana hajui kazi. Hofu hizi ni za kweli, na haziondoki kwa kuhubiriwa. Mikataba ya kimataifa ya usafiri wa anga, ambayo Tanzania ni mshirika wake, inasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali na matukio ni kuzuia yasirudi, na kwamba kugawa lawama si kazi ya uchunguzi. Wenye kampuni waliomo humu ukumbini, ninawaomba muyatekeleze maneno hayo kwenye karakana zenu: anayeripoti kosa lake mwenyewe asipoteze siku hata moja ya mshahara kwa sababu ya kuripoti. Makusudi na ulevi ni mambo mengine, hayo yana sheria yake.

Na ninyi mafundi na marubani, flapu ikichelewa kwa sekunde mbili, andikeni. Andikeni ilikuwa kwenye nyuzi ngapi iliposita, ilikuwa inatoka au inakunjwa, mvua ilikuwa imenyesha au la, ndege ilioshwa lini kwa maji baridi mara ya mwisho, na kama ilikubali mlipojaribu tena ardhini. Nakala moja ibaki kwenye daftari la ndege, nyingine iende kwa mtengenezaji, nyingine kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kisha mwambieni rubani anayefuata, kwa mdomo, kabla hajapanda.